Jinsi ya Kuzipata Kumbukumbu za Mahakama Jijini Nairobi

Hukumu ikishasomwa hadharani haiwi siri tena, lakini kuisikia ikisomwa ni jambo moja na kuwa na nakala yake mkononi ni jambo jingine. Watu wengi jijini Nairobi hukwama hapo katikati: mjane aliyeagizwa na benki alete hati ya usimamizi wa mirathi yenye muhuri wa mahakama, mnunuzi wa kiwanja anayetaka kujua kama kuna kesi juu ya ardhi anayouziwa, au kijana aliyehukumiwa Makadara ambaye anataka kukata rufaa huku siku zikiyoyoma. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, nami nauandika kwa imani kwamba anayejua aombe karatasi gani, katika mahakama ipi na kwa nambari ipi hazungushwi kwa urahisi.

Kwanza, mahakama si za serikali ya kaunti

Tangu kaunti 47 zianze kazi, wananchi wengi wamezoea kusema "mahakama ya kaunti", na baadhi yao hufika City Hall kuuliza habari za kesi ambayo kaunti haihusiki nayo hata kidogo. Katiba ya mwaka 2010 iligatua afya, masoko, leseni za biashara na mengine mengi, lakini haikugatua mahakama. Mahakama zote nchini ziko chini ya Idara ya Mahakama, na gavana hana mamlaka juu ya hakimu wala juu ya faili. Hata Mahakama ya Jiji, ambako hupelekwa waliokamatwa na askari wa kanjo kwa makosa ya sheria ndogo za kaunti kama vile kuchuuza mahali pasiporuhusiwa, huongozwa na mahakimu wa Idara ya Mahakama. Kwa hiyo ukitafuta kumbukumbu ya kesi ya aina hiyo, iombe mahakamani, wala usiiombe katika ofisi za kaunti.

Mpangilio wenyewe ni huu. Juu kabisa iko Mahakama ya Juu, kisha Mahakama ya Rufaa, kisha Mahakama Kuu pamoja na mahakama mbili zenye hadhi sawa nayo, moja ya masuala ya ajira na nyingine ya mazingira na ardhi. Chini yake ziko mahakama za mahakimu, mahakama za Kadhi zinazoshughulikia ndoa, talaka, hali ya mtu binafsi na mirathi kwa Waislamu wanaokubali mamlaka yake, mahakama za kijeshi, na mabaraza mbalimbali ya kuamua migogoro. Kesi nyingi za mwananchi wa kawaida huanzia kwa hakimu. Katika madai ya pesa au mali, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015 iliweka mipaka kulingana na cheo: hakimu mkazi husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 5, hakimu mkazi mwandamizi milioni 7, hakimu mkuu mkazi milioni 10, hakimu mkuu mkazi mwandamizi milioni 15, na hakimu mkuu milioni 20. Madai yanayozidi hapo hupelekwa Mahakama Kuu.

Mahakama ya Madai Madogo inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na mfuko wa mwananchi. Ilianza kazi Milimani mwaka 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka ikamilishe kesi ndani ya siku 60 tangu ilipowasilishwa. Mtu anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Ila asiyeridhika na uamuzi wake huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria tu, si kupinga upya ukweli wa mambo, na ndiyo maana nakala ya uamuzi wa mahakama hiyo ina uzito mkubwa: humo ndimo hoja ya sheria itakamotafutwa.

Kuitambua mahakama na nambari ya kesi

Nairobi haina mahakama moja. Jengo la Milimani, lililo upande wa Upper Hill, lina vitengo vingi vya Mahakama Kuu pamoja na mahakama za mahakimu, na huko ndiko pia husikilizwa kesi za ufisadi. Makadara huhudumia sehemu kubwa ya Eastlands, na Kibera huhudumia Kibera na mitaa ya upande huo. Kuna mahakama katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na kuna Kahawa, karibu na Kamiti, inayojulikana kwa kesi za ugaidi. Ukienda Milimani kutafuta faili iliyoko Makadara utapoteza siku nzima, kwa sababu kila kituo kina masijala yake, yaani ofisi inayotunza faili.

Nambari ya kesi ndiyo inayofungua kila mlango. Makarani hawatafuti faili kwa jina la mtu kwa urahisi, na hata mfumo wa kompyuta ukikubali jina, utakuletea watu kadhaa wenye majina yanayofanana. Nambari huanza kwa herufi zinazotaja aina ya mahakama na aina ya kesi, hufuatwa na tarakimu, kisha mwaka. Kwa mfano, herufi HCCOMM huonyesha kwamba kesi iko katika kitengo cha biashara cha Mahakama Kuu, nazo SCCCOMM huonyesha Mahakama ya Madai Madogo. Ukiona herufi E kabla ya tarakimu, ujue kwamba kesi iliwasilishwa kwa mtandao. Iandike nambari yote jinsi ilivyo, pamoja na herufi hizo, kwa sababu tarakimu zilezile za mwaka uleule zinaweza kuwa za kesi nyingine kabisa katika kitengo kingine.

Wengi huchanganya nambari ya OB na nambari ya kesi. OB ni nambari ya kitabu cha matukio katika kituo cha polisi, nayo haitambuliki katika masijala ya mahakama. Ikiwa jamaa yako amekamatwa, Katiba inataka afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au, ikiwa saa hizo zinaishia siku isiyo ya kazi au nje ya saa za mahakama, siku ya mahakama inayofuata. Waulize polisi atafikishwa mahakama gani, nenda huko asubuhi, kisha umwombe karani wa chumba husika nambari iliyoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Usiondoke kabla ya kuiandika.

Kama huna nambari kabisa, tafuta karatasi yoyote iliyowahi kutoka katika kesi hiyo: wito wa mahakama, risiti ya malipo, hati ya kiapo, barua ya wakili. Zote huwa na nambari juu. Katika kesi za mirathi kuna njia nyingine nzuri ambayo watu huisahau. Ombi la kusimamia mali ya marehemu hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka kila Ijumaa, na tangazo hilo hutaja mahakama, nambari ya kesi, jina la marehemu na jina la anayeomba. Wenye pingamizi hupewa siku 30. Familia ambayo imesikia fununu kwamba ndugu mmoja ameanza mirathi kimyakimya ingefanya vizuri kuyapekua matangazo hayo kabla ya kuanza kulaumiana.

Kusoma orodha ya kesi

Kila mahakama huchapisha orodha ya kesi za siku. Zamani ilikuwa ikibandikwa ukutani tu. Sasa hupatikana pia katika tovuti ya Idara ya Mahakama na ile ya Kenya Law, taasisi inayochapisha hukumu na sheria. Ukiifungua utaona jina la hakimu au jaji, chumba anachokalia, saa ya kikao, kisha mstari kwa mstari nambari za kesi, majina ya wahusika, na neno linaloeleza kitakachofanyika siku hiyo. Neno hilo la mwisho lisomwe kwa makini. Kesi ikiwa ya kutajwa, mara nyingi hakimu anataka kujua tu hatua iliyofikiwa na kupanga tarehe nyingine, na mashahidi hawatasikilizwa. Ikiwa ya kusikilizwa, mashahidi watatoa ushahidi. Ikiwa ni ya hukumu au uamuzi, basi hiyo ndiyo siku ya kuwa pale bila kukosa. Tangu janga la korona, vikao vingi hufanyika kwa njia ya video, na kiungo cha kuingilia huwekwa katika orodha hiyohiyo.

Kusikiliza kesi ni haki ya kila mtu, awe anahusika au hahusiki, kwa kuwa Katiba inataka kesi zisikilizwe hadharani. Huhitaji kueleza sababu ya kuingia. Zima simu, simama hakimu anapoingia na anapotoka, na usipige picha wala kurekodi bila idhini ya mahakama. Mahakama inaweza kuwatoa wasiohusika pale inapobidi kumlinda shahidi, mtu aliye katika hali dhaifu, maadili, utulivu wa umma au usalama wa taifa. Katika mahakama za chini, lugha ya kikao ni Kiingereza au Kiswahili, na mshtakiwa asiyeielewa lugha inayotumika ana haki ya mkalimani bila malipo. Aliombe hilo waziwazi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa kumbukumbu ya kesi itaandika alichosema kupitia mkalimani, na akiwa hakuelewa swali, jibu lake litabaki limeandikwa vivyo hivyo hadi rufaani.

Hukumu zinazopatikana bila malipo

Kabla ya kupanga foleni popote, itafute hukumu katika tovuti ya Kenya Law, ambayo huchapisha maamuzi ya mahakama, sheria za nchi na Gazeti Rasmi bila kutoza ada. Hukumu za miaka ya karibuni zina alama zinazofanana na hizi: mwaka katika mabano ya mraba, kisha KESC kwa Mahakama ya Juu, KECA kwa Mahakama ya Rufaa, KEHC kwa Mahakama Kuu, KEELC kwa ardhi na KEELRC kwa ajira, kisha nambari na herufi KLR. Ukiwa na alama hiyo, hukumu hupatikana kwa dakika chache. Kama huna, tafuta kwa jina la mhusika au kwa nambari ya kesi.

Tovuti hiyo ina mipaka miwili. Maamuzi yake mengi ni ya mahakama za ngazi za juu, ilhali yale ya mahakimu ni machache. Tena, nakala unayoipakua huko haina muhuri wala saini ya msajili, hivyo inafaa kusoma, kutafiti na kumwonyesha wakili, lakini benki, ofisi ya ardhi au ubalozi hautaikubali. Hao watataka nakala iliyothibitishwa, na hiyo hutoka katika masijala peke yake.

Kuomba faili na nakala zilizothibitishwa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na napaeleza kwa kirefu kwa sababu ndipo watu huchoka na kukata tamaa.

Faili moja ina karatasi za aina nyingi, na kila moja ina matumizi yake. Kuna nyaraka zilizowasilishwa na pande zote. Kuna mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya kila kilichosemwa na kuamriwa tangu siku ya kwanza, ambayo aghalabu hakimu huandika kwa mkono na baadaye hupigwa chapa. Kuna hukumu, inayoeleza sababu za uamuzi. Kuna amri au dikrii, ambayo ni karatasi fupi inayotaja kile tu kilichoamuliwa, na ndiyo inayotekelezwa. Ukimwambia karani "nataka karatasi za kesi yangu" hujamwambia kitu. Anayetaka kulipwa deni lake anahitaji dikrii. Anayekata rufaa anahitaji mwenendo wa kesi pamoja na hukumu. Anayetaka tu kujua kesi imefikia wapi anahitaji kusoma faili, si kununua nakala.

Katika mahakama za Nairobi, kesi zimekuwa zikiwasilishwa kwa mtandao tangu tarehe 1 Julai 2020, na mfumo huo ukaenea nchi nzima mwezi Machi 2024. Mhusika au wakili wake hujisajili katika tovuti ya mfumo huo, huingia, huona nyaraka za kesi yake na kuwasilisha ombi lake humo. Asiye na kompyuta anaweza kusaidiwa saiba, ila asimwachie mhudumu nywila yake. Kesi za zamani bado ziko katika faili za karatasi, na hizo hazina njia ya mkato: lazima ufike masijala.

Ombi lako liwe la maandishi. Ombi la mdomo dirishani halina tarehe wala ushahidi, na karani uliyezungumza naye leo huenda kesho akawa amehamishwa. Barua haihitaji Kiingereza cha mawakili. Inaweza kuwa hivi:

Kwa Hakimu Msimamizi,
Mahakama ya Makadara.

KUH: KESI YA MADAI NAMBARI ..... YA MWAKA .....

Mimi, ....., mwenye kitambulisho nambari ....., ni mlalamishi katika kesi iliyotajwa hapo juu, ambayo hukumu yake ilisomwa tarehe ..... mbele ya Mheshimiwa ..... Naomba nakala iliyopigwa chapa ya mwenendo wa kesi, pamoja na nakala zilizothibitishwa za hukumu na dikrii, kwa ajili ya rufaa. Niko tayari kulipa ada itakayohitajika. Nambari yangu ya simu ni .....

Peleka nakala mbili. Moja ibaki masijala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uirudishe nyumbani. Muhuri huo ndio utakaokutetea baadaye ikidaiwa kwamba ulichelewa. Kisha subiri utengenezewe ankara, ulipe kwa njia rasmi iliyoandikwa katika ankara hiyo, na utunze risiti. Usimpe mtu pesa taslimu mkononi, hata akiwa amevaa beji na anaahidi kuharakisha mambo. Faili isiyoonekana kwa wiki kadhaa halafu ikaonekana baada ya mtu kupewa kitu kidogo ni maradhi ambayo wananchi wameyalalamikia kwa miaka mingi, na kila anayelipa huyarefusha kwa anayemfuata.

Kama wewe si mhusika wa kesi, bado unaweza kuomba kusoma faili, lakini eleza sababu: wewe ni mnunuzi wa ardhi inayobishaniwa, mwanahabari, mtafiti au mrithi. Faili ya karatasi husomwa mbele ya karani, haitolewi nje, na hakuna ukurasa wa kuchomoa wala kuandikwa. Kesi za watoto hazifunguliwi kwa asiyehusika, na sheria inalinda jina na picha ya mtoto. Katika kesi za makosa ya kingono na za familia, hukumu nyingi zilizochapishwa huwa na herufi za kwanza tu za majina. Vizuizi hivyo ni vya haki, na sioni sababu ya kuvitafutia upenyo.

Mnunuzi wa kiwanja akumbuke jambo moja zaidi: kutokuwapo kwa kesi mahakamani hakumaanishi kwamba hati ya umiliki ni safi, wala cheti cha upekuzi kutoka ofisi ya ardhi hakikuhakikishii kwamba hakuna kesi. Ni sajili mbili tofauti, na zote mbili zipekuliwe.

Siku za rufaa hazingoji nakala

Rufaa ya kesi ya madai kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu huwasilishwa ndani ya siku 30. Ya jinai ndani ya siku 14. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufaa, ilani ya rufaa hutolewa ndani ya siku 14. Watu wengi hudhani kwamba siku hizo huanza kuhesabiwa wanapopata mwenendo wa kesi uliopigwa chapa. Sivyo. Huanza siku ya uamuzi, nao mwenendo unaweza kuchukua miezi. Wasilisha rufaa kwa sababu ulizonazo, uombe nakala wiki ileile ya hukumu, na karatasi zilizobaki ziongezwe zikipatikana.

Sheria inatambua kwamba mahakama yenyewe inaweza kuchelewa. Katika rufaa za madai, muda ambao mahakama ya chini inathibitisha kwamba ulihitajika kutayarisha nakala ya dikrii au amri hauhesabiwi, na uthibitisho huo hutolewa kama cheti cha ucheleweshaji. Katika jinai, mahakama inaweza kuipokea rufaa iliyochelewa ikiwa sababu ni kukosa nakala ya hukumu kwa wakati baada ya kuiomba. Maneno ya maana hapo ni "baada ya kuiomba", na ndiyo maana nasisitiza ile barua yenye muhuri. Mshtakiwa asisahau pia kwamba Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi yake kwa muda wa kuridhisha na kwa ada ya kuridhisha.

Ukinyimwa au ukizungushwa

Anza na msimamizi wa masijala, kisha msimamizi wa mahakama au hakimu msimamizi wa kituo, kila mara kwa maandishi. Ikishindikana, malalamiko kuhusu huduma, faili kupotea au hongo hupelekwa kwa Ombudsman wa Idara ya Mahakama, afisi iliyo chini ya Naibu Jaji Mkuu. Malalamiko kuhusu mwenendo wa hakimu au jaji mwenyewe hupelekwa kwa Tume ya Huduma za Mahakama. Tofautisha hayo na kutoridhika na uamuzi, kwani dawa ya hilo ni rufaa peke yake.

Kwa taarifa ambazo si karatasi za faili fulani, kama vile utaratibu wa kituo au matumizi ya fedha zake, tumia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayotekeleza Kifungu cha 35 cha Katiba. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, haliombewi ada isipokuwa gharama ya kutoa nakala, na hujibiwa ndani ya siku 21, au ndani ya saa 48 ikiwa linahusu uhai au uhuru wa mtu. Asiyejua kuandika anaweza kulisema kwa mdomo, na afisa anatakiwa aliandike kwa niaba yake. Ukinyimwa, unaweza kuiomba Tume ya Utekelezaji wa Haki iupitie uamuzi huo.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, kwa Kituo cha Sheria, ambacho kimekuwa kikiwasaidia maskini wa Nairobi tangu 1973, au kwa FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, ikiwa ni mwanamke. Aende na nakala ya karatasi zake zote, pamoja na ile barua yenye muhuri wa kupokelewa, kwa sababu swali la kwanza atakaloulizwa ni nambari ya kesi, na la pili ni tarehe ya hukumu.